Mvua ya Krismasi Redioni

Magwagwa,
Kaunti ya Nyamira.
Ijumaa, 12 Desemba 2025.

Jemimah, Lewis hakuwa redioni! Ile Krismasi iliyopita, tulipojazana sebuleni kwangu watu kumi na wanane kumsikiliza, na wewe huko Mombasa ukimsikiliza kwa simu, mwanangu hakuwa ndani ya ile redio hata dakika moja. Ilikuwa sauti tu, imewekwa kwenye kompyuta siku nyingi kabla, ikawa inajicheza yenyewe. Nimegundua mimi, kwa masikio yangu, wala hakuna aliyenisaidia. Na sasa najua pia alikuwa wapi.

Mpendwa mdogo wangu, nisamehe nimekurukia na habari kabla ya salamu. Ningeanza na salamu zingenikwama kooni. Sasa nimepumua. Hujambo wewe? Shemeji Ishmael hajambo, na mgongo wake umepoa? Watoto wamefunga shule salama? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Mzee wangu Osoro anakohoa kidogo asubuhi lakini anakula vizuri. Ng'ombe yule mweupe amezaa ndama jike. Ndizi zangu zimeangushwa na upepo, si nyingi, migomba minne tu. Mimi magoti yangu yananikumbusha umri wangu, lakini juzi yalinipandisha ngazi za ghorofa tatu, kwa hiyo siwezi kuyalaumu.

Najua utashangaa kupata barua wakati kuna simu. Simu ninayotumia alininunulia Lewis, na baada ya niliyoyaona siku hizi simwamini mtu wa mitambo. Sijui kama anaweza kusikia ninayoongea. Anasema hawezi. Atasemaje vingine? Barua hii nampa Angwenyi jirani yetu, anayekuja huko Jumapili kwa mwanawe, nimeibandika kwa gundi mara mbili. Na nimeandika kwa Kiswahili, si kwa Kisii, ili shemeji naye asome mwenyewe, asingoje umtafsirie unavyotaka wewe. Nina sababu. Utaiona mbele.

Wewe unamjua Lewis wangu, lakini acha nimweleze shemeji. Huyu ndiye mwanangu mkubwa. Hapa Nyamira na Kisii hakuna nyumba isiyomjua. Kila Jumapili saa nane hadi saa kumi na moja yuko Redio Rogoro na kile kipindi chake cha nyimbo za kantri, zile za wazungu wa kofia, magitaa na farasi. Ukipita sokoni Magwagwa saa hizo, saluni ni Lewis, bucha ni Lewis, fundi wa baiskeli ni Lewis. Mama mmoja wa Sotik alinishika mkono kwenye mazishi akaniuliza kama kweli ni mimi niliyezaa ile sauti. Nikamwambia ndiyo, na nilimzaa analia kwa sauti hiyo hiyo nzito, mkunga akadhani kuna mwanamume ameingia.

Mimi mwenyewe nilianza kuzipenda hizo nyimbo kwa sababu yake. Nilifika darasa la nane na nikafaulu, kwa hiyo maneno mengi nayapata. Ila mwezi wa Desemba huwa zinanitia shaka. Kuanzia tarehe moja redio nzima inageuka Krismasi, asubuhi mpaka jioni, na ya kwetu ni kantri ya Krismasi. Nusu yake ni theluji. Nani ameona theluji hapa? Nusu nyingine ni mwanamume aliye mbali, njia ni ndefu, na mama yake ameweka taa dirishani. Nikawa najiuliza kwa nini Lewis anazipenda hizo zaidi ya zote. Mtu hachezi wimbo mmoja mara tatu kwa siku bila kuwa na jambo.

Sasa Krismasi yenyewe ya mwaka jana. Lewis alituambia hawezi kuja kwa sababu yuko zamu, siku nzima, laivu. Mimi sikununa. Nilijisifu. Niliwaambia majirani waje kwangu, mwanangu atakuwa hewani akiwahudumia watu wa kaunti mbili, na mimi jina langu litatajwa. Nikaweka redio kubwa juu ya kabati, nikaifunika kile kitambaa changu cha kufuma, uso wake tu ukabaki wazi.

Basi ikafika saa tisa. Lewis akasema, namkumbuka neno kwa neno: "Wasikilizaji wangu, saa tisa imegonga, na kama kawaida yetu mvua imeanza kupiga mabati hapa Kisii mjini. Vuteni viti karibu na moto." Akaweka wimbo. Na sisi sote tukatikisa vichwa, kwa sababu Kisii unaijua, saa tisa ni mvua, hata mgeni huambiwa aanue nguo saa nane na nusu.

Kabla ya saa kumi na moja Angwenyi akaingia, ametoka Kisii mjini moja kwa moja, viatu vyekundu kwa vumbi mpaka kwenye soksi.

"Mvua imekukosa?" nikamuuliza.

"Mvua gani, Mama Lewis? Kisii leo ni jua kavu kuanzia asubuhi. Mbwa wamelala chini ya magari."

Osoro, unamjua kwa mzaha, akasema labda imenyesha juu ya studio peke yake. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Lile neno lilinikaa hapa kifuani kama mfupa wa samaki.

Halafu likaja la pili. Akasema, "Mama yangu Persis kule Magwagwa, niwekee paja la kuku." Jemimah! Kuku wangu wote walikuwa wamekufa kwa kideri siku tano kabla. Wote, na jogoo. Nilimpigia Lewis simu siku hiyo hiyo, akanipa pole, akaniuliza hata kama yule wa madoa naye amekufa. Tulikuwa tumechinja mbuzi. Sasa mtu anayejua kuku wamekufa anaombaje paja? Majirani wakanipongeza kwa kutajwa. Nikatabasamu kwa meno tu.

Na la tatu, nilituma ujumbe ile namba ya redio mara tatu, nimemwandikia kwamba tunamsikia vizuri na kwamba ni mbuzi. Haukusomwa hata mmoja.

Kesho yake nikampigia, akasema kazi ilikuwa nyingi, Mama, nimechoka. Sauti ilikuwa kweli ya mtu aliyechoka, lakini ya mtu aliyechoka kwa furaha. Mama anajua tofauti. Nikaanza kumtazama.

Mwaka mzima nimemtazama. Akija nyumbani simu ikilia anatoka nje mpaka kwenye boma la ng'ombe. Halali tena kwetu, anasema ana kazi ya mapema. Mwezi wa saba aliniuliza, akijifanya anatazama kwingine, "Mama, mtoto akianza kuota meno na tumbo likawa linaendesha, ninyi zamani mlikuwa mnampa nini?" Nikamuuliza ni mtoto wa nani. Akasema ni swali la kipindi. Kipindi cha kantri, Jemimah! Farasi na gitaa na meno ya mtoto!

Nilidhani mengi, sitakuficha. Nilidhani amefukuzwa kazi anaona aibu. Nilidhani amepata mwanamke mzee mwenye baa. Nilidhani ameingia kanisa lile la kukesha milimani. Osoro nikimwambia ananijibu, "Persis, mwache mtoto, ana miaka thelathini na moja." Lakini Osoro hata ng'ombe akipotea hungoja arudi mwenyewe.

Mwezi uliopita Lewis akasema tena, Krismasi hii pia niko zamu. Nikamjibu sawa baba, kazi ni kazi. Nikaikata simu taratibu. Siku hiyo ndiyo niliyoamua.

Jumanne hii, tarehe tisa, nikavaa gauni langu la Sabato la maua ya buluu, nikajaza kikapu maparachichi na ndizi mbivu, nikaenda Kisii bila kumwambia mtu. Redio iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabati. Hapo mapokezi hakukuwa na mtu isipokuwa kijana mmoja anayeitwa Duke, fundi wao wa mitambo, amezungukwa na nyaya. Nikamwambia mimi ni mama yake Lewis. Akasimama kabisa kwa heshima, akanipa kiti. Wanamheshimu sana Lewis pale, nimejionea.

Pale juu ukutani spika ilikuwa ikitoa habari za bei ya mahindi. Lakini mlango wa studio haukuwa umefungwa vizuri, na ndani nikasikia sauti ya mwanangu: "Heri ya Krismasi, heri ya Krismasi! Siku yenyewe ndiyo leo, tarehe ishirini na tano, na mimi niko nanyi moja kwa moja mpaka jioni."

Nikatazama kalenda ukutani. Nikamgeukia Duke.

"Kijana wangu, leo ni tarehe ngapi?"

"Tisa, mathe."

"Na huyo ndani anasema ni ngapi?"

Akacheka. "Huyo ametutangulia. Yuko ishirini na tano. Mathe, usishtuke, sikukuu huwa tunarekodi mapema, kompyuta inacheza yenyewe, siku hiyo hapa anabaki mlinzi tu. Hata stesheni kubwa hufanya hivyo."

"Kwa hiyo Krismasi Lewis atakuwa wapi?"

"Si na familia yake! Kama mwaka jana, alipokimbia na..." Akasita. Akauma mdomo. "Mathe, chai yako unakunywa na maziwa?"

Familia yake! Ipi? Familia yake ilikuwa imekaa hapo kwenye kiti, imeshika kikapu cha maparachichi.

Lewis akatoka, vile vitu vya masikioni vikining'inia shingoni. Aliponiona alisimama kama mtu aliyeona polisi.

"Mama! Umekuja lini?"

"Nimekuja Krismasi," nikamwambia. "Si ndiyo leo?"

Duke akainama chini ya meza akatafuta waya ambao haukuwa umepotea. Lewis akachukua kikapu changu. Alisema tu, "Mama, twende Keumbu nikuonyeshe." Na njia nzima sikumuuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Pale Keumbu, nyuma ya kinu cha kusaga, kuna safu ya vyumba vya kupanga. Mbele ya cha mwisho palikuwa na cherehani, na msichana ameinama anashona kaptura za shule. Alipoinua uso nikamjua. Ni Phanice, wa Kenyenya. Yule Phanice ambaye Lewis alimtaja Desemba ya mwaka juzi, ukiwa umekuja kututembelea, tukiwa jikoni kwangu na wale akina mama watatu wa Dorcas, chama cha kanisa letu la Sabato. Na wewe ulikuwepo, Jemimah, ulikuwa ukichambua mboga za chinsaga. Unakumbuka nilivyosema. Nilisema Mkatoliki hatapika kwenye jiko langu nikiwa hai, na kwamba akimleta nitamrudisha kwao mbele ya watu. Nilisema kwa sauti, kwa sababu nilitaka wale wa Dorcas wasikie. Lewis alikuwa mlangoni. Alinyamaza tu, na mimi nikadhani jambo limeisha.

Phanice alisimama, uzi ukiwa bado mdomoni. Akasema, "Karibu ndani, Mama."

Nikapiga hatua. Chumba ni kimoja tu, safi sana, nasema kweli, sufuria zinang'aa. Na mbele ya macho yangu, kitanda. Hapo mguu wangu ukarudi wenyewe.

Shemeji, hili nikueleze wewe, Jemimah analijua. Kwetu mwanao akiwa hajaoa, mama anaingia kwake, anafagia, anatandika, anapekua hata mifuko. Lakini akishaoa, mama hapiti mlango unaoonyesha kitanda cha mwanawe na mkewe. Ni aibu kubwa, hata kama mvua inanyesha. Basi mimi nilirudisha mguu kwa mazoea ya mwili, bila kufikiri. Nikasema, "Nileteeni kiti huku nje." Na baada ya kusema ndipo nikajisikia nimesema nini.

Lewis alisikia pia. Aligeukia ukuta, mabega yakawa yanacheza. Phanice akajifunika uso na ile kaptura aliyokuwa akishona, akalia. Maana ningekuwa namhesabu kuwa msichana wa kupita, ningeingia, ningekaa hata kwenye hicho kitanda. Mdomo wangu ulikuwa umemkataa mbele ya watu watano, lakini mguu wangu ukamkubali peke yake.

Wakaleta kiti. Halafu wakaleta mtoto.

Jemimah, ni mvulana. Mnono, meno sita, na masikio ya baba yetu, yale yanayosimama. Alinitazama kwa shaka sana, akanishika pua akaivuta. Nikamuuliza Lewis jina lake. Akasema, "Onsongo." Jina la baba! Nilimshika tu huyo mtoto, akanilowesha gauni la maua ya buluu lote, na sikumpa mtu.

Alizaliwa Krismasi iliyopita, mchana, hospitalini. Siku zilikuwa zimekaribia, ndiyo maana Lewis alirekodi kila kitu mapema, kabla kuku wangu hawajafa, na mvua akaikisia, kwa sababu nani angejua kwamba Kisii saa tisa siku hiyo itakuwa kavu? Alikuwa amesimama kwenye dirisha la wodi, chupa ya uji mkononi, jua likimchoma kichwa. Na muuguzi alikuwa na redio mezani. Phanice ndiye aliyenihadithia, machozi hayajakauka na tayari anacheka: "Mama, nilikuwa kwenye uchungu, nikamsikia anaongea, anaongea, mara mvua, mara vuteni viti. Nikapiga kelele, Lewis nyamaza! Na yeye pale dirishani anasema, Phanice, sijafungua mdomo!"

Nilicheka, nikacheka mpaka mwenye kinu akaja kuchungulia. Ana ulimi huyo msichana. Nilimpenda kidogo hapo, ingawa sikumwonyesha.

Nilimuuliza Lewis kwa nini alinificha mwaka mzima. Akaniambia kwa utaratibu, kama anavyoongea redioni, "Mama, ulisema utamrudisha mbele ya watu. Wewe ukisema jambo mbele ya watu huwa unalifanya." Ni kweli mimi ni mtu wa neno langu, nimejisifu kwa hilo miaka yote. Sasa ona limenifanyia nini: mjukuu wangu amejifunza kukaa na kutambaa bila mimi, na amechekeshwa na wengine.

Na hapa ndipo nakuja kwako, dada yangu.

Huyo mtoto alikuwa amefungwa leso. Si leso ya soko la Daraja Mbili, za pale nazijua zote. Ilikuwa leso nzito, zambarau na njano, ya Mombasa, na ilikuwa inanukia udi. Nikauliza imetoka wapi. Lewis akasema sokoni. Soko lipi? Lewis akamtazama Phanice. Phanice akatazama cherehani. Cherehani ndiyo peke yake haikuwa na mtu wa kumtazama.

Nikaanza kukumbuka. Januari uliniuliza kwa simu, "Dada, Mungu akikupa mjukuu utafurahi?" Nikakujibu kwanza aoe. Ukabadilisha maneno haraka, ukaniuliza bei ya majani chai. Lini wewe umewahi kuuliza bei ya majani chai? Na jina la baba nani aliwaambia watoto hawa? Mimi sikumwambia Lewis kamwe kwamba baba alipokuwa anaumwa alituomba sisi wawili jina lake lisipotee. Tulikuwa wawili tu kando ya kitanda, Jemimah. Mimi sikusema. Basi hesabu iliyobaki si ngumu, hata kwa mtu wa darasa la nane.

Shemeji Ishmael, wewe ni mtu mkweli. Mtazame usoni sasa hivi akiwa anasoma.

Sijakasirika. Hapana, nimekasirika, lakini kidogo, na zaidi ni wivu. Ulimjua kabla yangu. Sitaki unijibu kwa simu wala kwa ujumbe. Nitakuuliza uso kwa uso, na utaniambia tu ulimtumia leso ngapi.

Habari nyingine si nyingi. Lewis nimemlazimisha jana arudie kile kipande cha Krismasi. Nimemkataza kutaja mvua, kuku, wala neno laivu. Anasema amefuta. Nitasikiliza nijue. Tarehe ishirini na tano ameahidi kuwa hapa Magwagwa na watu wake wote, amekaa kwenye kiti huku anaongea redioni. Sitaamini mpaka nimshike bega. Siku hizi hata mtu wa redio akinitakia asubuhi njema, nafungua dirisha kwanza nione kama kumekucha.

Wazazi wa Phanice kule Kenyenya tumewatumia ujumbe, wamekubali kuja kwetu Jumapili inayofuata Krismasi. Wamekubali haraka mno, nami nashangaa kwa nini. Labda ni watu wema. Nitawatazama. Mtoto ataombewa na mzee wetu wa kanisa, na katekista wao naye ataomba kwa njia yao, nimesema wote wawili waombe kwa ufupi. Osoro anajua, amefurahi kupita kiasi, na namshuku yeye pia, kwa sababu nilipomweleza hakushtuka hata kidogo.

Lakini jambo moja ni zito kwangu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Yale maneno niliyoyasema jikoni, nitayaondoa mwenyewe. Si kwa kunong'ona. Nimewaita wale akina mama watatu wa Dorcas, wote waliosikia. Jumapili hiyo Phanice atasimama kwenye jiko langu, atapika ugali wa wimbi, na mimi nitakaa kwenye kigoda nitakula cha kwanza mbele yao. Kama nilivyosema kwa sauti, nitakula kwa sauti. Lewis atakuwa mlangoni palepale alipokuwa. Na wewe ulikuwepo niliposema, kwa hiyo usipokuwepo hayatakuwa yameondoka yote. Phanice anaogopa bado, nimemwona. Anafikiri nitageuka. Wewe umemjua zaidi yangu, mwambie sitageuka, maana mimi akiniambia mtu kwamba nimebadilika hata sijiamini.

Kwa hiyo sitaki kusikia habari ya shughuli. Kipindi cha Lewis cha Jumapili hiyo nacho kimesharekodiwa, nimemwuliza Duke mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kusingizia redio.

Nisalimie Ishmael na mgongo wake. Nisalimie watoto, waambie wana ndugu mdogo anayevuta pua. Msalimie Jacinta jirani yako, ila usimwonyeshe barua hii. Osoro anawasalimu, na Lewis, na Phanice, ambaye ameniomba niandike jina lake kwa mkono wangu, basi nimeliandika. Jua limeshuka, Sabato inaingia, inabidi nitue kalamu. Mungu awafunike huko mliko, awape safari yenye macho, awafikishe wote bila kupungua hata mmoja.

Mimi dada yako ninayekupenda hata ukinificha mambo,

Persis, magokoro, yaani nyanya, wa Onsongo,

ninayewangoja nyote hapa jikoni kwangu Jumapili, tarehe ishirini na nane Desemba, saa nne asubuhi.